Bahari ya Shaba na Hesabu za Siri

Ukitoka katikati ya mji wa Nairobi ukaelekea mashariki, kabla hujafika Shauri Moyo, sikio lako litakuambia mahali ulipo kabla ya jicho. Hapo ni Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Nyundo zao hugonga tangu asubuhi hata jua kutua, na humo hutoka masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai, sufuria, majiko na ndoo. Mtazame fundi mmoja atakaye kuunda pipa la mviringo. Kwanza hukata kitako, kisha hukata ukanda wa bati wa kukizunguka kitako kile. Urefu wa ukanda ataupataje? Hafungui kitabu. Hupima upana wa kitako, akautwaa mara tatu, kisha akaongeza kidogo: kidogo cha kuufunga mviringo, na kidogo kingine cha mkunjo wa kuungia. Akikisahau kile kidogo cha kwanza, ncha za bati hazikutani, na hasara ni yake.

Kile kidogo, msomaji, kimewashughulisha watu wenye akili kwa karibu miaka elfu nne. Ndicho kinachoifanya nambari tuiitayo pai isiwe 3, bali 3.14159 na kuendelea bila kikomo. Karani Ahmose wa Misri, aliyeandika yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo, alikuwa na kanuni iliyompa takriban 3.16. Arkimedi wa Sirakusa, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliithibitisha kuwa kubwa kuliko 3 na sehemu 10 za 71, na ndogo kuliko 3 na sehemu moja ya saba. Ndipo ilipotoka ile 22/7 uliyoikariri darasani. Na mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote, iwe ndefu namna gani, iwezayo kuwa sawa na pai kamili.

Habari ya watu hao yajulikana, nayo imeandikwa vizuri katika vitabu vingi. Mimi nataka kukusimulia habari ya watu wengine, ambao waliitafuta pai na nambari nyingine kuu mahali ambapo hapana fundi wala mhandisi aliyefikiri kuzitafuta: ndani ya herufi za maandiko matakatifu.

Kisa chaanzia katika chombo kikubwa zaidi ya pipa la Kamukunji. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 7, chaeleza kwamba Hiramu, fundi wa shaba kutoka Tiro, alimsubia Mfalme Sulemani birika kubwa la hekalu, nalo likaitwa bahari. Upana wake toka ukingo hata ukingo ulikuwa dhiraa 10, na uzi wa dhiraa 30 uliizunguka. Habari hiyo yarudiwa katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 4. Gawanya 30 kwa 10, utapata 3 kamili. Kile kidogo cha fundi hakipo.

Wako waliolicheka jambo hili, na wako waliolihuzunikia. Naona wote wawili waliharakisha. Mwandishi alikuwa akieleza ukuu wa chombo, hakuwa akitoa somo la hesabu, naye alihesabu kwa dhiraa nzima nzima. Chukua chombo chenye upana wa dhiraa 9.6. Mtu asemaye kwa dhiraa nzima atasema 10. Sasa zidisha 9.6 kwa pai: utapata 30.16, na mtu yule atasema 30. Hakuna aliyesema uongo wala aliyekosea. Kuna jibu jingine pia, la walimu wa Kiyahudi wa zamani, ambao walikumbuka kwamba mstari wa 26 wasema ukingo wa bahari ile ulikuwa na unene wa kiganja. Wakasema labda upana ulipimwa kwa nje na mzunguko ukapimwa kwa ndani. Hilo ni jibu la kifundi, nami ningependa kuona fundi wa Kamukunji akilijadili.

Walakini moyo wa binadamu hautosheki upesi na jibu jepesi. Katika maandishi ya Kiebrania, neno lenye maana ya uzi wa kupimia limeandikwa mahali pale kwa herufi tatu, kofu, vavu na he, lakini husomwa kana kwamba lina mbili tu, kofu na vavu. Waebrania walitumia herufi zao kuwa tarakimu: kofu ni 100, vavu ni 6, he ni 5. Basi neno lililoandikwa ni 111, na neno linalosomwa ni 106. Gawanya 111 kwa 106, kisha zidisha kwa ile 3 ya bahari ya shaba. Jawabu ni 333/106, yaani 3.141509. Pai ni 3.141593. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi!

Ukilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mwili husisimka, nami sikulaumu ukisisimka. Watu wengi walilipokea, wakaongeza kwamba siri hiyo iligunduliwa na mwanachuoni mkubwa wa Vilna wa karne ya 18, Eliya, aitwaye Gaon. Wachunguzi walipofuatilia hawakuikuta katika maandishi yake. Walifika kwa Matityahu Munk, mtu wa karne ya 20. Lakini tuyaache ya nani aliyeanza, tuliangalie neno lenyewe. Uandishi ule wa herufi tatu haukuja mahali pale peke yake. Umo katika Yeremia, mlango wa 31, na umo katika Zekaria, mlango wa 1, na kote kuwili habari ni ya uzi wa kupimia mji wa Yerusalemu. Hapana duara wala birika. Kama herufi ile ya ziada iliwekwa ili kutuonyesha pai, kule iliwekwa kutuonyesha nini? Na katika Mambo ya Nyakati, ambapo bahari ile ile yaelezwa kwa vipimo vile vile, herufi ya ziada haimo.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize ni kwa nini herufi zilipata kuwa nambari. Hapakuwa na siri yoyote. Kabla ya tarakimu za Kihindi kuenea, Wayunani, Waebrania na Waarabu walihesabu kwa herufi walizokuwa nazo, maana hawakuwa na alama nyingine zilizo bora. Katika abjadi ya Kiarabu alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea hata ghaini ambayo ni 1000. Kwa hiyo kila jina lilikuwa pia jumla, upende usipende. Katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79, kuna maandishi ukutani ya mtu asiyetaka kumtaja mpenzi wake. Alisema tu kwamba nambari yake ni 545. Wapita njia wakafumbue wenyewe.

Huenda umewahi kuiona nambari 786 imeandikwa juu ya mlango wa duka Eastleigh au Pumwani, au nyuma ya gari. Hiyo ni jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi kwa abjadi. Ihesabu mwenyewe: neno la kwanza ni 102, jina la Mwenyezi Mungu ni 66, Rahmani pamoja na alifu na lamu yake ni 329, na Rahimi vivyo hivyo ni 289. Pumwani, mtaa mkongwe kuliko mingi ya Eastlands, ulijengwa katika miaka ya mwanzo ya 1920, na wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa Waislamu, baadhi yao watu wa pwani na wa Tanganyika. Huko pwani abjadi ilikuwa na kazi nyingine tangu zamani. Mjuzi wa falaki hujumlisha herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na inayobaki humwonyesha burji ya mtu huyo, kuanzia Hamali hata Hutu. Sitaingia katika kuhukumu falaki. Nataka uone tu kwamba kanuni yake imewekwa kabla ya jina kuletwa: mjuzi hachagui kugawanya kwa 12 leo na kwa 17 kesho. Tutalihitaji jambo hili mbele.

Nambari iliyo mashuhuri kuliko zote za namna hii ni 666 ya Kitabu cha Ufunuo, na hapo mwandishi mwenyewe asema wazi kwamba ni ya kuhesabiwa. Wataalamu wengi wamekubali kwamba alimkusudia Kaisari Nero. Jina Neroni Kaisari likiandikwa kwa Kiebrania, Neroni ni 306 na Kaisari ni 360, jumla 666. Kuna nakala za kale zilizoandika 616 badala yake, na hilo pia laeleweka, kwa maana ukisema Nero bila nuni ya mwisho waondoa 50. Fumbo likifumbuliwa kwa njia moja iliyo rahisi, na hata kosa la wanakili likaeleweka kwa njia hiyo hiyo, twaweza kulikubali.

Lakini watu hawakulifungia fumbo lile katika zama za Nero. Mtazame Michael Stifel, mtawa wa Kijerumani aliyemfuata Luther. Alitaka nambari 666 iwe ya Papa Leo wa Kumi. Aliandika LEO DECIMVS akachukua herufi zilizo tarakimu za Kirumi: L 50, D 500, C 100, I 1, M 1000, V 5. Jumla ni 1656, nayo haikumfaa. Basi akaiondoa M, akisema kuwa ni kifupi cha neno lenye maana ya siri. Ikabaki 656, bado haikumfaa. Akaongeza 10, kwa kuwa Leo ni wa kumi na jina lina herufi kumi. Ikawa 666! Baadaye akaipiga hesabu ya siku ya mwisho wa dunia, akaipata kuwa tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili ya asubuhi. Katika kijiji cha Lochau alikokuwa mchungaji, watu waliacha kazi zao wakatumia walichokuwa nacho. Saa mbili ikafika, ikapita. Stifel alitiwa kizuizini, akanusurika kwa sababu Luther alimwombea. Na watu wa Papa nao hawakukosa jibu. Petrus Bungus alikuwa mmojawao walioisukuma 666 kwa Luther. Jaribu nawe: toa A mpaka I nambari 1 hata 9, K mpaka S 10 hata 90, T 100, V 200, kisha uandike MARTIN LVTERA. Utapata 260 na 406.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Stifel hakuwa mjinga wa hesabu. Mwaka 1544, alipokwisha kuacha unabii, alitoa kitabu kilicho miongoni mwa vitabu vikuu vya hesabu vya karne ile, na neno linalotumiwa Ulaya kwa kile tukiitacho kipeo ni lake. Akili ile ile, na kalamu ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba katika kitabu cha 1544 hakujua jawabu kabla ya kuanza.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Ujerumani ya kale. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, wako waumini waliokataa kuandikishwa, wakihofu kwamba hiyo ndiyo nambari ya mnyama. Wakati huo huo kulikuwa na maswali ya kweli juu ya kazi hiyo, na watu wengine waliyapeleka mbele ya Mahakama Kuu: habari za mtu zitatunzwaje, na ni zipi serikali haina haki ya kuzitwaa? Mwezi wa Januari 2020 mahakama iliamua kwamba kazi iendelee kwa sharti la kuwapo kanuni za kuzilinda habari hizo, ikakataza kukusanya vipimo vya chembe za urithi na alama za mahali makazi ya mtu yalipo. Waliouliza swali la kweli walipata jibu. Waliokuwa wakijumlisha herufi hawakuwa na swali ambalo jaji angeweza kulijibu. Na katika mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu wa kundi lililosadiki kwamba kufunga hata kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Kiongozi wa kundi lile alikuwa ameipinga Huduma Namba katika mahubiri yake kuwa ni kazi ya shetani. Sisemi kwamba tarakimu ziliwaua. Walikufa kwa njaa. Nasema kwamba hofu ya nambari ilikuwa mlango mmojawapo wa nyumba ile.

Karne ya 20 ilileta kompyuta, na kompyuta haichoki kuhesabu. Mwaka 1974 Rashad Khalifa, Mmisri mtaalamu wa kemia ya viumbe aliyekuwa Marekani, alitangaza kwamba Kurani imefumwa kwa nambari 19. Bismillahi ina herufi 19. Sura ni 114, yaani 19 mara 6. Habari ilienea kwa kasi. Ahmed Deedat wa Durban aliandika kijitabu juu yake mwaka 1979, na vijitabu vya Deedat vilisomwa sana Afrika Mashariki. Lakini Khalifa alipozidi kuhesabu, jina la Mwenyezi Mungu likamzidi kwa moja: alitaka 2698, ambayo ni 19 mara 142, akapata 2699. Alifanyaje? Alisema kwamba aya mbili za mwisho za sura ya Tauba si za Kurani. Hapo wanavyuoni wa Kiislamu waliokwisha kumtilia shaka walimkana kabisa; naye aliuawa huko Tucson, Arizona, mwezi wa Januari 1990, tendo ambalo hakuna hesabu iwezayo kulihalalisha. Ona mwendo wa jambo hili, msomaji. Nambari ililetwa iwe shahidi wa kitabu; mwisho wake kitabu kikakatwa ili kilingane na nambari.

Upande wa Biblia nako kazi iliendelea. Wako waliochukua mstari wa kwanza wa Mwanzo kwa Kiebrania, wenye maneno 7 na herufi 28. Huzidisha herufi zote kwa zote, wakazidisha tena kwa idadi ya herufi. Kisha hugawanya kwa maneno yote yaliyozidishwa pamoja, mara idadi ya maneno. Hutoka nambari ya tarakimu kumi na nane ambayo mwanzo wake ni 3, 1, 4, 1, 5, 5. Huweka nukta baada ya 3, wakasema: pai! Kanuni hiyo ikitumiwa katika mstari wa kwanza wa Yohana kwa Kiyunani, hutoka nambari ndefu zaidi ambayo mwanzo wake unakaribia 2.718, ile nambari ambayo Euler aliipa jina la e katika karne ya 18. Tuzipime habari hizi kwa utulivu. Tarakimu tano za mwanzo zaweza kuwa kuanzia 10000 hata 99999, namna 90,000. Kwa hiyo nambari moja kuangukia pai kwa bahati ni jambo la mara moja katika takriban 90,000. Hilo ni adimu. Lakini mtafutaji alikuwa na nambari ngapi za kufurahia? Pai, e, kipeo cha pili cha 2, uwiano wa dhahabu, mwendo wa nuru, tuseme 20. Kanuni ngapi angeweza kuzijaribu? Tuseme 30. Na mistari mashuhuri? Tuseme 150. Zidisha 20 kwa 30 kwa 150, utapata 90,000 barabara. Bahati moja ilingojewa kabla hata kalamu haijaguswa. Nukta nayo ilihamishwa mahali kumi na saba bila ya kuomba ruhusa.

Pengine bado wasema moyoni, mwalimu huyu ana maneno mengi. Haya, tuache maneno tuende mitaani kwetu. Toa herufi za alfabeti nambari zake kwa taratibu, A iwe 1, B iwe 2, hata Z iwe 26, kisha uandike majina ya mitaa ya Eastlands. Nimeyachukua kumi. Bahati ni 41. Maringo 77, Kaloleni 79, Ziwani 82, Pumwani 97, Jerusalem 104. Jericho ni 68, na Mbotela, mtaa ulioitwa kwa jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, nao ni 68. Yamebaki mawili. Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ni 89. Shauri Moyo, mtaa waliohamishiwa watu wa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji chao kilipobomolewa, ni 76 na 68, jumla 144.

Sasa tazama. Katika mlango wa 21 wa Ufunuo, ukuta wa Yerusalemu mpya ni dhiraa 144. Ni Shauri Moyo, nao mtaa wa Jerusalem hauko mbali! Na si hayo tu. Gawanya Shauri Moyo kwa Makongeni, 144 kwa 89. Utapata 1.61798. Uwiano wa dhahabu, ambao Euklidi aliueleza yapata miaka 300 kabla ya Kristo, ni 1.61803. Tofauti yake ni 0.000056, ile ya neno la uzi wa kupimia na pai ilikuwa 0.000083. Tena 89 na 144 ni jirani katika mfululizo wa Leonardo wa Pisa aliouandika mwaka 1202, ule ambao kila nambari ni jumla ya mbili zilizotangulia. Nabii gani basi alikaa katika ofisi ya Manispaa ya Nairobi, au katika idara ya reli, akaificha siri ya dhahabu kati ya nyumba za vibarua?

Hakuna. Majina kumi hutoa jozi 45, nami nilikuwa tayari kufurahia pai, e, uwiano wa dhahabu na nambari yoyote ya Ufunuo. Nikayanyamazia yote yasiyolingana. Hukusikia lolote juu ya Ziwani na Bahati, ambayo ni 82 na 41, mara mbili kamili. Ningalihitaji mbili ningalizitaja kwa shangwe. Wala sikukuambia kwamba Jerusalem yenyewe, iliyo 104, haikutoa kitu chochote cha kunifaa.

Liko jaribio moja linalozidi maneno yote, nalo laweza kufanywa kwa dakika tano. Majina haya mengi ni ya Kiswahili, na Kiswahili hakitumii Q wala X. Basi kwa haki yapasa tuziondoe herufi hizo mbili na kuhesabu upya, R iwe 17, S iwe 18, U iwe 20, Y iwe 23. Makongeni haina herufi yoyote iliyo baada ya Q, hivyo yabaki 89. Lakini Shauri inakuwa 73 na Moyo inakuwa 66, jumla 139. Ukuta wa Yerusalemu mpya umeanguka, na 139 kwa 89 ni 1.562. Siri iliyodumu miaka themanini na zaidi imekufa kwa kuondolewa herufi ambazo hakuna mtu wa Shauri Moyo aliyepata kuzihitaji. Mjuzi wa falaki tuliyemtaja hapo juu angalitushinda hapa, kwa maana yeye kanuni yake aliifunga kabla.

Wenye elimu ya takwimu walilifanya jaribio la jinsi hii kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1994 Doron Witztum, Eliyahu Rips na Yoav Rosenberg waliandika katika jarida la takwimu kwamba, ukiruka herufi kwa hatua zilizo sawa katika kitabu cha Mwanzo, majina ya marabi mashuhuri hutokea karibu na tarehe zao. Mwaka 1997 mwandishi wa habari Michael Drosnin alilifanya jambo hilo kitabu kilichouzwa duniani kote, akawaambia wenye shaka wamtafutie habari za kuuawa kwa waziri mkuu ndani ya Moby Dick, ambayo ni hadithi ya nyangumi. Brendan McKay wa Australia alizitafuta, akazipata, si za mmoja bali za wakuu kadhaa. Mwaka 1999 yeye na wenzake watatu walionyesha katika jarida lile lile la takwimu kwamba majina ya marabi yaliweza kuandikwa kwa namna nyingi, na kwamba matokeo yalitegemea namna zilizochaguliwa.

Katika miaka hiyo yote, hakuna tarakimu hata moja ya pai iliyotoka katika herufi za maandiko kabla ya kujulikana na mahesabu. Aliyeiona 333/106 katika neno la Kiebrania alikuwa ameijua pai tangu shule. Mlinganishe na Jamshid al-Kashi wa Samarkand. Mwaka 1424 alitaka kuujua mzunguko wa ulimwengu, kama ulivyodhaniwa zama zake, kwa namna ambayo kosa lisizidi unene wa unywele. Alichora, kwa akili si kwa kalamu, umbo lenye pande 805,306,368 ndani ya duara, akazikokotoa pande zake kwa kuzigawa mara mbili mbili, mara ishirini na nane, bila mashine. Alipata tarakimu 16 baada ya nukta, zote sahihi, na karibu miaka mia mbili zikapita kabla ya mwingine kumpita. Wanafalaki wa zama zake walikuwa na desturi ya kuandika hesabu zao, zilizokwenda kwa sitini sitini, kwa herufi za abjadi: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4.